Tezi, Figo na Chumvi ya Ukambani

Juu ya kila figo ya binadamu hukaa tezi ndogo ya adrenali, yenye uzito wa gramu nne au tano. Ganda lake la nje hutengeneza homoni za aina ya steroidi, na mojawapo, aldosteroni, huiamuru figo ibakishe sodiamu kiasi gani na itoe potasiamu kiasi gani. Ukiipima kwa asilimia, kazi hiyo inaonekana ndogo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za umajimaji kwa siku, na sodiamu iliyomo ingetosha kutengeneza kilo moja na nusu ya chumvi ya mezani. Karibu yote hurudishwa kwenye damu kabla mkojo haujafika mwisho wa mirija ya figo, na aldosteroni hutawala asilimia mbili au tatu za mwisho tu. Lakini asilimia mbili ya kilo moja na nusu ni gramu 30 za chumvi kila siku. Mahali ambapo chumvi ilikuwa haba na maji haba zaidi, gramu hizo ndizo zilizoamua nani afike mwisho wa safari.

Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, ni nchi ya namna hiyo. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima huitegemea zaidi. Mito mingi huwa mchanga mtupu kwa miezi, na watu hufukua humo kutafuta maji. Pande za Mutomo na Ikutha maji ya visima virefu mara nyingi huwa ya chumvi. Hakuna homoni iliyogunduliwa Ukambani. Hata hivyo, historia ya aldosteroni hueleweka vizuri ikifuatwa pamoja na historia ya nchi hiyo, kwa kuwa upande mmoja unaeleza mtambo na wa pili unaonyesha mtambo huo ulipokuwa ukihitajika.

1849–1856: Wagonjwa wa Addison, kiu ya Krapf

Tarehe 15 Machi 1849 Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliwaeleza wenzake habari za wagonjwa waliodhoofika bila sababu ya kuonekana. Nguvu ziliwaishia, chakula kiliwakinaisha, mapigo ya moyo yalififia. Wengine ngozi iliingia weusi. Maiti zilipopasuliwa, tezi za juu ya figo zilikutwa zimeharibika. Kitabu chake cha mwaka 1855 kilieleza wagonjwa 11, na miongoni mwao walikuwapo ambao tezi zao ziliharibiwa na kifua kikuu. Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis nchini Morisi, aliwaondolea wanyama tezi hizo akaona wakifa upesi. Ikajulikana kwamba bila tezi hizo hakuna uhai. Kwa nini, hakuna aliyejua.

Mwezi Novemba wa mwaka huohuo wa 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf aliondoka Rabai kuelekea Ukambani. Huko Kitui alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu aliyepeleka misafara hadi pwani, na tarehe 3 Desemba aliuona mlima wenye theluji. Safari yake ya pili, ya mwaka 1851, ndiyo inayohusu figo. Karibu na Mto Tana msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akajikuta peke yake nyikani. Hakuwa na kibuyu. Alipoufikia mto alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, kisha akashika njia ya kurudi.

Maandishi yake yanasimulia kiu hiyo, lakini yaliyokuwa yakitendeka ndani ya mwili hayakuwa yakijulikana na mtu yeyote wakati huo. Mtu akipungukiwa maji na chumvi, kiasi cha damu hushuka. Figo hutoa renini, renini huanzisha utengenezaji wa angiotensini, nayo angiotensini huichochea tezi itoe aldosteroni. Upungufu ukiendelea kwa siku chache, mkojo hubaki karibu bila sodiamu. Jasho na kinyesi pia hupunguziwa chumvi, maana homoni hiyohiyo hufanya kazi kwenye tezi za jasho na utumbo mpana. Wachukuzi wa Kikamba waliokata nyika kwenda Mombasa waliishi kwa mpango huu kila kiangazi. Na si binadamu peke yake: mifugo hulamba ardhi yenye chumvi, na tembo wa Mlima Elgon huingia gizani katika pango la Kitum wachimbue kuta zake kwa pembe ili wale mwamba wenye sodiamu.

1898–1937: Chumvi yageuka dawa

Renini ilitangulia kupata jina. Mwaka 1898 Robert Tigerstedt na Per Bergman, wakiwa Stockholm, walikamua figo za sungura wakapata kitu kilichopandisha shinikizo la damu. Ugunduzi huo ulikaa miaka zaidi ya 30 bila kushughulikiwa sana.

Jibu la fumbo la Addison lilianza kupatikana miaka ya 1930. Robert Loeb wa New York aliona kwamba wagonjwa wenye ugonjwa huo wana sodiamu pungufu katika damu, na kwamba kuwapa chumvi nyingi huwarudishia nguvu. Potasiamu nayo hupanda ndani yao. Kwa maneno mengine, figo zao zilikuwa zikimwaga kilichotakiwa kubaki na kubakisha kilichotakiwa kumwagwa. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa udhaifu wa jumla uligeuka kuwa hesabu ya ioni mbili. Mwaka 1937 Tadeus Reichstein na mwenzake nchini Uswisi walitengeneza deoksikotikosteroni, steroidi ya kwanza iliyoweza kumsaidia mgonjwa wa Addison kubakisha chumvi. Bado kulikuwa na kero moja. Kila mara steroidi zilizojulikana zilipotolewa katika maji ya tezi, masazo yasiyoganda kuwa fuwele yaliendelea kuwaokoa wanyama wasio na tezi, tena kwa nguvu kuliko fuwele zenyewe.

Katika kipindi hicho Kenya iliingia katika kumbukumbu za kitabibu kwa mlango mwingine. Mwaka 1929 C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, alichapisha vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika 1,000. Baada ya umri wa miaka 40 shinikizo lao halikupanda kama la Wazungu, bali lilishuka. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu. Maelezo yake yaliegemea zaidi aina ya maisha kuliko chumvi. Takwimu zake zimedumu kuliko maelezo hayo.

1952–1963: Miligramu za dhahabu

Sylvia Simpson na James Tait wa hospitali ya Middlesex, London, walibuni njia ya kuyapima yale masazo. Waliwadunga panya wasio na tezi sodiamu na potasiamu zenye mionzi, wakalinganisha kila moja imetoka kwa kiasi gani katika mkojo. Mwaka 1952 walitangaza kitu kipya. Mwaka 1953, wakishirikiana na Reichstein na wanakemia wa Basel, walikipata katika hali ya fuwele. Tezi za ng'ombe zenye uzito wa kilo 500 zilitoa miligramu zipatazo 20 tu. Muundo wake ulijulikana mwaka 1954, na homoni ikaitwa aldosteroni.

Jerome Conn wa Michigan alikuwa tayari kuipokea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza namna watu wanavyozoea joto, akaona kwamba baada ya siku kadhaa jasho lao hupungukiwa chumvi, na alishuku steroidi ya adrenali. Mwaka 1954 aliletewa mwanamke wa miaka 34 mwenye shinikizo la juu, misuli dhaifu na potasiamu iliyoshuka vibaya. Conn alikata shauri kwamba tezi yake ilikuwa ikitoa aldosteroni bila kutumwa. Daktari wa upasuaji alikuta uvimbe, akauondoa, na mgonjwa akapona. Tangu Conn alipochapisha kisa hicho mwaka 1955, homoni ya kuokoa maisha ilijulikana pia kama homoni inayoweza kuharibu moyo na mishipa.

Swali la jinsi inavyofanya kazi lilijibiwa na vyura. Hans Ussing wa Copenhagen alikuwa ameonyesha mwaka 1951 kwamba ngozi ya chura iliyotandazwa kati ya vyumba viwili vya maji huvusha sodiamu kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kwamba uvushaji huo waweza kupimwa kama mkondo wa umeme. Mwaka 1957 Jens Skou, Mdenmaki mwenzake, aligundua pampu inayotumia nishati ya seli kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mwaka 1961 Jean Crabbé alitia aldosteroni kwenye kibofu cha chura, na mkondo ukaongezeka. Haukuongezeka papo hapo. Ilipita saa moja au zaidi kabla ya badiliko kuonekana, na kuchelewa huko ndiko kulikotoa siri. Mwaka 1963 Isidore Edelman na wenzake huko California walionyesha kwamba dawa zinazozuia usomaji wa jeni au utengenezaji wa protini huizima kazi ya aldosteroni. Homoni haifungui mlango kwa mkono wake. Huingia ndani ya seli, huamuru jeni zisomwe, na protini mpya ndizo zinazofungua.

1969–1990: Wasamburu jeshini, Waluo Nairobi

Afrika Mashariki ilirudi kwenye kisa hiki si kwa tezi bali kwa chakula. Mwaka 1969 A. G. Shaper na wenzake walichapisha uchunguzi wa morani wa Kisamburu walioingia jeshi la Kenya. Vijana waliolelewa kwa maziwa na nyama, chakula chenye chumvi kidogo, walianza kula mgao wa jeshi wenye chumvi nyingi, na shinikizo lao la damu likapanda wakiwa kazini.

Uchunguzi wa Waluo waliohamia Nairobi, uliochapishwa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake, ulikwenda mbali zaidi kwa kuwa uliwafuata wahamiaji tangu walipofika. Waliotoka vijijini kaskazini mwa Ziwa Viktoria walilinganishwa na wenzao waliobaki. Muda mfupi baada ya kuhamia jijini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi kwa kila kipimo cha potasiamu. Mapigo ya moyo pia yalikuwa ya kasi zaidi, kwa hiyo chumvi haikuwa sababu pekee. Miongoni mwa waandishi alikuwapo Stanley Peart, ambaye miaka ya 1950 alisaidia kutenga angiotensini yenyewe. Ni mara chache mtu aliyeshika molekuli maabarani hupata kuiona kazi yake katika mitaa ya Nairobi.

INTERSALT, utafiti wa mwaka 1988 katika vituo 52 vya nchi 32, ulikuta Kenya ikiwa na mojawapo ya vituo vinne vya watu wa mbali na miji ambako chumvi ililiwa kidogo na shinikizo halikupanda sana na umri. Wakazi wa Kitui na Makueni hawakuwa ndio waliopimwa katika tafiti hizi. Hata hivyo njia ya kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi ni yao tangu enzi za reli, na badiliko la chakula ni lilelile. Nyumbani mtu hula vyakula vya mahindi, isyo au muthokoi, kwa mbaazi, ndengu na kunde, pamoja na maembe msimu ukifika, vyakula vyenye potasiamu kwa wingi. Mjini hula mkate, chipsi na viungo vya pakiti.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa figo. Aldosteroni huchochewa na mambo mawili tofauti: upungufu wa maji na chumvi, au wingi wa potasiamu katika damu. Katika hali ya kwanza angiotensini huongezeka pia, na sehemu za mirija zilizotangulia hunyonya sodiamu na kloridi kwa bidii, kwa hiyo sodiamu hubaki bila potasiamu nyingi kutolewa. Katika hali ya pili sehemu hizo hulegea, sodiamu nyingi hufika mwisho wa mirija, na huko hubadilishwa kwa potasiamu inayotupwa. Hivyo mlaji wa mbaazi hupata figo inayoachia sodiamu kwa urahisi. Aliyehamia kwenye chumvi nyingi na potasiamu kidogo huibakisha sodiamu, na shinikizo hupanda.

Lipo dai kwamba watu wa nchi za joto wameteuliwa na mazingira kwa vizazi ili wabakishe chumvi. Linavutia, na huenda lina chembe ya ukweli, lakini umbo lake maarufu zaidi, linalohusisha safari za meli za watumwa, limepingwa vikali na wanahistoria. Tafiti za wahamiaji zinaonyesha jambo lisilohitaji nadharia hiyo: mtu yuleyule, kwa jeni zilezile, hubadilika akibadilisha chakula.

1987–2001: Vipokezi, mlinzi na mifereji

Mwaka 1987 kikundi cha Ronald Evans huko California kilisoma jeni ya kipokezi cha aldosteroni na kuibua fumbo. Kipokezi hicho huipokea kotisoli, homoni nyingine ya adrenali, sawasawa na aldosteroni, na kotisoli imo katika damu kwa wingi mara mia au zaidi. Kwa hesabu hiyo aldosteroni isingepata nafasi kamwe. Jibu lilitoka mwaka 1988 kwa vikundi viwili, cha John Funder huko Melbourne na cha Christopher Edwards huko Edinburgh. Seli za mwisho wa mirija zina kimeng'enya kinachofanya kazi ya mlinzi wa mlangoni: huigeuza kotisoli kuwa kotisoni, ambayo kipokezi hakiitambui, na kuiacha aldosteroni ipite. Susu, mzizi mtamu wa mmea, huzuia kimeng'enya hicho, ndiyo maana mtu anayeila kwa wingi huweza kupata shinikizo la juu na upungufu wa potasiamu huku aldosteroni yake ikiwa chini.

Mfereji unaoipitisha sodiamu kutoka kwenye mkojo ulitambuliwa na Cecilia Canessa, Bernard Rossier na wenzao huko Lausanne kati ya 1993 na 1994. Mwaka huohuo wa 1994 iligunduliwa kwamba familia iliyoelezwa na Grant Liddle mwaka 1963, yenye shinikizo la juu na karibu bila aldosteroni, ilikuwa na hitilafu katika mfereji huo. Mwaka 1999 ilijulikana kwamba aldosteroni huamsha upesi jeni ya protini iitwayo SGK1, na miaka miwili baadaye kwamba protini hiyo huzuia mifereji isiondolewe juu ya seli. Mnyororo ukawa umekamilika: homoni, kipokezi, jeni, SGK1, mfereji upande wa mkojo, na pampu ya Skou upande wa damu. Sodiamu ikiingia seli, umeme wake huivuta potasiamu itoke kwenda kwenye mkojo.

Ini linapoidanganya figo

Ukambani unao upande mwingine wa homoni hii, usioanzia kwenye chumvi. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, watu 20 walilazwa kwa sumu ya aflatoksini iliyotoka kwenye mahindi yenye ukungu, na 12 wakafa. Mwaka 2004 Makueni na Kitui ziliumia zaidi katika mlipuko uliohesabiwa wagonjwa 317 na vifo 125 nchini. Sumu kali ya aina hiyo huua kwa kuliangamiza ini kabla figo hazijapata muda wa kujirekebisha.

Magonjwa ya ini ya polepole, yaani makovu ya homa ya ini ya B na kichocho cha tumbo ambacho kimechunguzwa kwa miaka mingi kwa watoto wa shule wa Makueni, hufuata njia nyingine. Damu hukwama kwenye mshipa unaoelekea ini, mishipa ya tumbo hutanuka, na figo husoma hali hiyo kana kwamba mwili umekaukiwa. Renini na aldosteroni hupanda, ini lililochoka huchelewa kuiondoa homoni katika damu, sodiamu hubakishwa, na maji yake hujikusanya tumboni. Mgonjwa aliyejaa maji figo zake hutenda kama za Krapf. Spironolaktoni, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kukizuia kipokezi cha aldosteroni, bado ni dawa ya kwanza ya tumbo la namna hiyo. Mwaka 1999 utafiti wa RALES ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya wagonjwa wa moyo ulioshindwa kwa takriban asilimia 30.

2015 hadi sasa: Kupima kabla ya kutibu

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta Wakenya wazima karibu mmoja kati ya wanne wana shinikizo la juu. Yale aliyoyaona Donnison yalikuwa yamekwisha kuwa historia.

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio dogo lililofanyika katika kliniki za Nigeria, Kenya na Afrika Kusini kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. La pili lilipimwa renini na aldosteroni kwanza. Renini ya chini pamoja na aldosteroni ya juu ilielekeza kwenye spironolaktoni, nazo zote mbili zikiwa chini, dawa ilikuwa amiloridi, ambayo huziba mfereji wenyewe. Baada ya mwaka mmoja nusu ya kundi lililopimwa walikuwa wamedhibitiwa, wakati katika kundi la kawaida alikuwa karibu mmoja kati ya tisa. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, na matokeo hayo hayatoshi kumaliza ubishi. Yalionyesha hata hivyo kwamba fumbo la Liddle halikuwa jambo la familia chache za Marekani.

Mwaka 2025 mwongozo mpya wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani ulipendekeza kila mwenye shinikizo la juu apimwe aldosteroni na renini. Vipimo hivyo ni ghali na huhitaji maabara ambayo hospitali nyingi za kaunti hazina. Dawa zenyewe ni za zamani na za bei nafuu, na zote mbili, spironolaktoni na amiloridi, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinachotakiwa pamoja nazo ni kipimo cha potasiamu na cha utendaji wa figo, kabla ya kuanza na tena baada ya wiki chache, kwa kuwa kuizuia aldosteroni ni kuizuia potasiamu isitoke. Kwa mtu ambaye figo zake tayari zimedhoofika, potasiamu huweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Chumvi mbadala yenye potasiamu, ambayo humfaa mwenye figo nzima, humdhuru mgonjwa huyo, na mbaazi, ndengu na maembe ya Makueni hupimiwa kiasi katika sahani yake.